Kamera za filamu Pentax K1000, Canon AE-1 na Nikon FM2: nimezishika zote tatu huku Mbeya, hiki ndo nilichokiona

Baba mdogo alikua na studio Tukuyu enzi za picha za pasipoti na harusi, alivyofunga akanipa Pentax K1000 yake na lenzi ya milimita 50, ndo nilipoanzia. Baadae nikanunua Canon AE-1 ya mtumba, na rafiki yangu wa Soweto ya hapa hapa Mbeya ana Nikon FM2 ambayo nimekaa nayo miezi minne. K1000 na AE-1 zilitoka 1976, FM2 ikaja 1982.

Nianze na mkono maana hapo ndo kamera inajulikana. K1000 ni chuma, gramu 620 hivi bila lenzi, ukishinda nayo shingoni utaisikia, ila uzito ule unanituliza mkono nikipiga kwa spidi ya 1/30 ya sekunde. (Angalizo, yangu ni ya Japani, zile za mwishoni za China zina plastiki juu na chini.) AE-1 kwa juu inang'aa kama chuma kumbe ni plastiki, gonga na ukucha utasikia. FM2 ni gramu 540 tu lakini imekaza, ukikoki (kusogeza filamu kwa picha inayofuata) mkono wake unateleza laini mpaka unatamani kukoki tena.

Sasa Kitulo, ile hifadhi ya maua milimani. Ilikua mwezi wa pili, tumepanda kutoka Chimala zile kona 57 mpaka Matamba, kesho yake alfajiri tuko juu, maua kila upande na ukungu umelala kwenye nyasi, baridi ya kung'ata vidole. Nabonyeza AE-1, kimya. Shata yake, yaani pazia linalofungua kupitisha mwanga, inaendeshwa na umeme, kwahiyo betri ikigoma kamera nzima imegoma. Nikaitoa betri nikaibana kwapani kama dakika kumi, ikapata joto, nikapiga picha tatu ikalala tena. Na ile betri yake, 4LR44 ya volti 6, nimeitafuta Mwanjelwa mpaka Sokomatola, mafundi saa wananitolea vibetri vya kikokotoo! Vibetri hivyo hivyo ndo K1000 inakula kimoja, FM2 viwili, tena kwa ajili ya kipima mwanga tu. Vikiisha unakadiria kwa macho, filamu ya ISO 200 jua kali naweka tundu la lenzi f/16 na spidi 1/250, ukungu kama ule nafungua tundu mpaka f/5.6, maisha yanaendelea. Siku ile K1000 ilimaliza mkanda mzima nikiwa na glavu za sufu mkononi.

AE-1 nayo ina raha yake lakini, unachagua spidi yenyewe inapanga tundu la lenzi, kwa watoto wanaokimbia haina mpinzani. Yangu ilikua inalia kama inakohoa kila nikipiga, fundi akasema mafuta ya ndani yamekauka, akatia tone ikanyamaza.

Kanisani kwenye harusi FM2 iliwaacha wenzake mbali, maana ndani yake kuna vitaa vyekundu vya kipima mwanga unaviona hata gizani, wakati mshale wa kipima mwanga wa K1000 unapotea kabisa mwanga ukiwa hafifu. Pia spidi yake inafika 1/4000, hizo mbili mwisho 1/1000. Kero yake kwangu ni moja, lazima uvute mkono wa kukoki nje kidogo ndo kipima mwanga kiwake, na mimi nachungulia kwa jicho la kushoto, kwahiyo ule mkono unanichoma usoni kila saa.

Kwa huku kwetu kwenye mvua na baridi ningekwambia FM2 kama hela ipo, K1000 kama haipo, na AE-1 kama unakaa karibu na betri. Ukichukua K1000 usisahau mfuniko wa lenzi, haina swichi ya kuzima kipima mwanga, ukiiacha wazi inakunywa betri usiku kucha. Na yoyote utakayonunua fungua mlango wa nyuma upapase sponji za pembeni, zikinata kama lami mwanga utaingia kwenye mkanda. Za baba mdogo nilizikwangua na kijiti, nikalaza uzi mweusi wa sufu kwenye mfereji, mpaka leo haijavuja.