Mbegu za kasuku kutoka duka moja la Ngara, Nairobi: nyota tatu

Mbegu ni safi, hazina vumbi wala wadudu, na mwenye duka hukuruhusu utie mkono guniani unuse kabla ya kupimiwa. Tatizo ni alizeti, zaidi ya nusu ya mfuko! Zuberi, kasuku wangu wa kijivu, huzichagua hizo tu, mtama anaumwaga chini kwa dharau. Alizeti ina mafuta mengi, kalisi kidogo, na vitamini A karibu hamna, kwa hiyo siwezi kumlisha hiyo kutwa.

Nimeigeuza kuwa zawadi ya jioni, punje chache akikubali kupanda mkononi. Asubuhi anapata sukuma wiki, karoti na boga, na kabla ya saa nne mabaki nimeshayatoa yasichache. Mchana ni peleti (vidonge vya chakula cha kasuku), ambazo duka hili halina, nanunua Westlands kwa bei ya kuumiza.

Kijana wa kaunta aliniambia avokado inamfaa. Haifai hata kidogo, ni sumu kwa kasuku. Kwa mbegu nitarudi, lakini ushauri wa ulishaji namuuliza daktari wa mifugo.