Tathmini ya gereji ya pikipiki ya Katuba, baada ya safari ya Lubumbashi hadi mlima Kitonga

Kwa madereva wa malori wa Lubumbashi, jina la Kitonga halihitaji maelezo. Wanaopeleka shaba ya Katanga bandarini Dar es Salaam hupita pale kila safari, na tangu utotoni nimezisikia kona zake zikisimuliwa na baba yangu mdogo, aliyeendesha lori katika njia hiyo kwa miaka mingi. Mlima huo uko mkoani Iringa, Tanzania, katika barabara kuu itokayo Zambia kwenda Dar es Salaam, mahali ambapo lami inaziacha nyanda za juu na kuteremka kona baada ya kona hadi bonde la Ruaha Mbuyuni. Mwezi wa Julai nilikwenda kuuona kwa pikipiki yangu ya cc 150, nikarudi salama, na mita ilionyesha kwamba nimetembea zaidi ya kilomita 3,300. Ninachotaka kukitathmini hapa ni kazi ya gereji iliyoiandaa pikipiki hiyo, kwa sababu nimeona wenzangu wengi wakipanga safari ya namna hii kwa kuanza na mambo ambayo fundi huyu aliyaweka mwisho.

Gereji yenyewe iko komini ya Katuba, hapa mjini Lubumbashi, chini ya mti wa mwembe, ikiwa na paa la mabati na benchi moja refu. Mwenyewe ameniomba nisiandike jina lake, kwa kuwa anafanya kazi na vijana wawili tu na hataki kupokea kazi asizoweza kuzimaliza. Ninaheshimu ombi hilo. Atakayeuliza waendesha moto, yaani pikipiki, wa Katuba habari za mzee anayegonga spoki kwa spana kabla ya kusalimia, ataonyeshwa njia.

Nilifika kwake na orodha yangu. Nilitaka kabureta kubwa zaidi na ekzosi mpya, kwa kuwa nilidhani mlima ni suala la nguvu. Aliisoma orodha yote kwa utulivu, akaikunja, akaniuliza, "Utaanza kwa kupanda au kwa kushuka?" Sikuwa nimewahi kujiuliza. Nilipofikiri, niligundua kwamba karibu kila simulizi ya Kitonga niliyoisikia kutoka kwa Watanzania ni ya mtu anayetoka Dar es Salaam, ambaye huufikia mlima kutoka chini na kwa hiyo huwaza injini. Sisi tunaotoka Lubumbashi tunaufikia kutoka juu, tukiwa na mzigo kamili, baada ya kilomita zaidi ya 1,600 za kuchakaza kila kitu kinachoweza kuchakaa. "Basi, mwanangu," akasema, "pikipiki ikishindwa kupanda, itasimama yenyewe. Ikishindwa kushuka, nani ataisimamisha?" Nikamjibu, "Nimekuelewa, Papa," na orodha yangu haikuzungumziwa tena.

Alianza kwa kufungua magurudumu yote mawili. Pikipiki yangu ina breki za ngoma mbele na nyuma, kama zilivyo nyingi zinazobeba abiria mjini kwetu. Alinionyesha pedi za nyuma: upande mmoja ulikuwa umeliwa karibu hadi kwenye chuma, na upande wa pili ulikuwa unang'aa kama kigae. Mng'ao ule, alieleza, hutokana na kuungua, na pedi iliyoungua haishiki hata kama bado ni nene. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua, kwamba katika mteremko mrefu ngoma yenyewe hupata joto na kutanuka, ikajitenga kidogo na pedi zilizo ndani yake, ndiyo maana mtu hukanyaga breki na kuhisi mguu unazama bila pikipiki kupungua mwendo. Aliyezoea barabara za Lubumbashi, ambazo hazina mteremko wa maana, anaweza kuendesha miaka kumi asikutane na hali hiyo hata mara moja, na siku atakayokutana nayo iwe kwenye kona yenye lori mbele.

Aliweka pedi mpya pande zote, akaisugua ngoma kwa msasa mpaka ikapoteza utelezi, akabadilisha waya wa breki ya mbele uliokuwa umeanza kukatika nyuzi mbili ndani ya mpira wake, mahali ambapo mimi nisingepaona kamwe. Halafu aliniamuru nizunguke mtaani siku mbili nikitumia breki kwa upole ili pedi zizoee ngoma, nirudi akaze upya. Siku hizo mbili nilizihesabu kuwa usumbufu wakati ule. Leo naona ndizo zilizokuwa na thamani kubwa katika kazi yote.

Jambo la pili lilikuwa sproketi ya mbele, lile gurudumu dogo lenye meno linalovuta mnyororo. Yangu ilikuwa na meno 15. Akaweka ya meno 14. Tofauti ya jino moja inaonekana ndogo, lakini injini inapata nguvu zaidi ya kuvuta mzigo mlimani na, jambo lililomhusu zaidi, inaishika pikipiki zaidi unapoachia mafuta wakati wa kushuka. Gharama yake ni mwendo. Kuanzia Kapiri Mposhi hadi Nakonde, ambako barabara ya Zambia inanyooka kwa zaidi ya kilomita 800 karibu yote ikiwa tambarare, injini ilikuwa inalia juu hata kwenye kilomita 65 kwa saa, na mafuta yaliisha upesi kuliko nilivyozoea. Kati ya Serenje na Mpika pekee kuna zaidi ya kilomita 200, kwa hiyo anayefanya badiliko hili abebe galoni ndogo. Nililalamika moyoni siku mbili nzima. Sikulalamika tena baada ya Iringa.

Kuna mambo mawili madogo ambayo gereji nyingine isingeyagusa. La kwanza ni kioo. Kama vijana wengi wa hapa, nilikuwa nimebakiza kioo cha kushoto tu. Fundi alinikumbusha kwamba ukishavuka Kasumbalesa, mpakani mwetu na Zambia, unahamia upande wa kushoto wa barabara, na hutarudi upande wetu wa kulia mpaka siku ya kurejea; anayekupita atakuja kutoka kulia, yaani mahali hasa ambapo sikuwa na jicho. Alifunga kioo kipya cha kulia na kukikaza kwa nati mbili. La pili ni namba ya chasisi. Yangu ilikuwa imefunikwa na rangi na grisi iliyokauka, haisomeki. Alichukua brashi ya waya na kitambaa chenye petroli, akaisafisha taratibu mpaka kila tarakimu ikatokea, akailinganisha na karte roze yangu, ile kadi ya usajili wa pikipiki, mbele ya macho yangu. Kwenye mpaka wa Tunduma, pa kuingilia Tanzania, afisa wa forodha aliinama, akaisoma kwa tochi, akanirudishia karatasi zangu bila swali. Nyuma yangu kulikuwa na kijana aliyekuwa bado anakwangua yake kwa kisu nilipoondoka.

Kwa kuwa nimetaja karatasi, niseme kwa ufupi kwamba zinatakiwa kadi mbili ambazo watu wetu huziita zote "ya njano" na kuzichanganya: ile ya chanjo ya homa ya manjano, na ile ya bima ya COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika), ambayo Tanzania nayo inaitambua ingawa si mwanachama wa jumuiya hiyo. Kadi ya chanjo haiwezi kujibu swali la bima, wala ya bima swali la chanjo.

Sasa kasoro, kwa sababu zipo. Gereji hii haina mashine yake ya kuchomelea, na kiti cha mizigo cha nyuma kilipelekwa kwa jirani. Umeme ulikatika siku tatu mfululizo, kazi ikachelewa, na mimi sikupewa taarifa mpaka nilipokwenda mwenyewe kuuliza. Kilipokuja, maungio ya upande wa kushoto yalikuwa yamechomelewa kwa haraka. Yalipasuka baada ya Mpika, na begi likaanza kusugua gurudumu. Nilikata vipande vya tyubu ya zamani niliyobeba, nikafunga kiti kile kwa mizunguko kadhaa, na ufundi huo wa dharura ulinifikisha Mbeya, ambako nilichomelea upya. Fundi anayekagua spoki moja moja kwa kusikiliza mlio wake, iliyokazwa ikilia kama kengele na iliyolegea ikitoa kishindo kikavu, alipaswa kukagua pia kazi iliyofanywa na mwingine kwa jina lake. Vilevile haandiki fakture, yaani ankara. Bei hutajwa kwa mdomo, na mteja asiyeandika mwenyewe hana kumbukumbu ya kilichobadilishwa. Nililipa dola 70 kwa vipuri na kazi, kiasi ninachokiona kuwa cha haki, lakini ningependa kuwa na karatasi.

Kazi ya breki ilipata kipimo chake asubuhi ya siku ya sita. Nililala Iringa, mji ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Julai baridi yake ni ya kuvaa makoti mawili. Nilipita Ilula, nyanya zikiwa zimepangwa kwenye ndoo kando ya barabara, na baada ya hapo ardhi ikaanza kufunguka mbele yangu. Nilifuata alichonielekeza: gia ya pili kabla ya kona ya kwanza, si ndani yake, klachi isiguswe, breki zishikwe kwa nguvu kwa muda mfupi kisha ziachwe zipoe, wala nisiziburute kidogo kidogo mteremko mzima. Mbele yangu kulikuwa na lori lenye namba za Kongo, likishuka polepole kama mtu anayebeba mtungi wa maji kichwani, na harufu ya breki zake ilinifikia kabla sijaliona. Malori yanayopanda yalichukua nafasi pana kwenye kona, tela zikikata ndani, na mahali pawili niliona mistari myeusi ya dizeli iliyomwagika, ikiwa na upinde wa rangi kwenye mwanga wa jua. Sikujaribu kulipita lori la nyumbani. Niliacha nafasi ya kutosha, injini ikinguruma na kuishika pikipiki kwenye kilomita 30 kwa saa, na katika kona nyingi sikuhitaji kugusa breki kabisa. Hapo ndipo lile jino moja lililopungua lilipolipa deni lake lote.

Hewa ilibadilika kabla sijafika chini. Joto lilipanda, koti la kwanza likavuliwa, kisha la pili, na mibuyu ikaanza kuonekana bondeni. Nilisimama Ruaha Mbuyuni, kati ya wauza vitunguu na malori yaliyopumzisha magurudumu, nikafanya kipimo alichonifundisha mzee: nilidondosha tone la maji juu ya ngoma ya nyuma. Tone lilikaa, likatambaa kidogo, likakauka taratibu bila kutoa sauti. Aliniambia kwamba likichemka na kuruka, nisiondoke hapo kwa saa moja. Nilikunywa chai, nikageuka na kuupanda mlima ule ule jioni kabla ya giza, mara nyingi kwa gia ya pili, kwenye kona mbili nikishuka hadi ya kwanza, bila injini kukohoa hata mara moja. Kabureta niliyotaka kununua ingegharimu zaidi ya kazi yote aliyonifanyia.

Niliporudi Lubumbashi nilimpelekea pikipiki kabla ya kuiosha, kama alivyoagiza. Alifungua ngoma, akapima pedi kwa ukucha wa kidole gumba, akaniita nione: zilikuwa zimeliwa sawasawa pande zote mbili, bila mng'ao. Alichukua muda mrefu zaidi kwenye kiti cha mizigo. Aligusa mahali palipopasuka, akamwita kijana aliyekipeleka kwa jirani, akamwonyesha bila kupandisha sauti, kisha akaniomba radhi na kukitengeneza upya bila malipo, safari hii akisimama mwenyewe karibu na mchomeleaji.

Anayekusudia kwenda Kitonga katika msimu wa kiangazi, kabla ya mvua za Novemba, ampelekee pikipiki wiki mbili kabla ya safari, si siku tatu kama nilivyopanga mimi mwanzoni. Afike asubuhi, kwa sababu mchana kijiwe kile hujaa moto za abiria. Aje na daftari la kuandikia kila kinachobadilishwa, noti za dola ambazo hazijachanika, na karte roze yake mkononi, maana mzee ataanza kwa kuiomba.