Gari la Kulala: Nimelikodi Siku Nne, Je, Ninunue?

Ndugu watazamaji, karibuni tena, leo tukiwa Raskazone, Tanga. Nyuma yangu ni Land Cruiser yenye hema juu ya keria, niliyoikodi kwa siku nne, na kabla sijaikabidhi jioni hii ninataka tuamue kama gari la namna hii ni la kununua au la kukodi. Habari za injini sitazigusa, kwa kuwa mnazijua kuliko mimi.

Nakiri kwamba niliondoka nyumbani moyo ukiwa umekwisha kununua. Usiku wa kwanza, kule Ushongo, baada ya kuvuka Mto Pangani kwa pantoni, nilifungua mikanda, nikavuta ngazi, na hema likakunjuka kabla chai haijachemka. Upepo wa bahari ukapita madirishani, nikalala fofofo.

Sasa naomba kamera isogee, kwa maana jambo lililonibadilisha liko hapa. Ninainua godoro upande wa kichwani. Tazameni hayo madoa meusi, hiyo ni kuvu. Pumzi za watu waliolala humu hugeuka matone zinapokutana na sakafu ya alumini iliyopoa, na maji hayo, yakikosa pa kutokea, hujificha chini ya sponji. Nikibonyeza hivi, kiganja kinalowa, ilhali jua limewaka tangu asubuhi. Jana, Saadani, tulilikunja hema likiwa na umande kwa sababu ya haraka ya safari, na haya ndiyo malipo yake. Tazameni na zipu: hapa konani meno yamefanya weupe wa chumvi, ninavuta, inakwama, na sithubutu kuongeza nguvu, maana ikikatika italipiwa na mimi.

Yapo mahema ya ganda gumu, ambayo wenzangu wa chaneli nyingine huyasifu mno, lakini nayo hukusanya unyevu uleule kwa bei kubwa zaidi. Video yake inakuja, kwa hiyo msijibanduke.

Nimelipa shilingi 350,000 kwa siku. Gari kama hili, lililotumika, pamoja na hema lake, nimetajiwa shilingi milioni 70, fedha ambazo zingenikodishia siku 200. Likizo yangu haizidi siku 20 kwa mwaka, kwa hiyo nazungumzia miaka 10, na hapo sijahesabu bima, matairi, wala kutu, ambayo kwa sisi wa pwani haiendi likizo. Anayepeleka wageni Lushoto na Pangani kila wiki asinisikilize, kwani kwake hesabu inageuka. Mimi nitaendelea kukodi, ingawa hema peke yake, likifungwa juu ya gari nililo nalo, bado linanitia kishawishi.

Mwenye gari amekwisha kupiga simu mara mbili. Niacheni nilianike godoro hili ukutani kabla hajafika.