TLA+ na TLC: mkaguzi mkali wa mipango, mradi lebo ziwekwe sawa

TLA+, lugha ya Leslie Lamport ya kueleza kihesabu mwenendo wa mfumo, haina malipo. Zana zake za msingi zimo ndani ya faili moja, tla2tools.jar, linaloendeshwa kwa Java 11 au zaidi. Kihariri cha msimbo VS Code nacho kina kiendelezi chake.

Anayeanza aanzie na PlusCal, inayoandikwa kama programu ya kawaida kisha ikageuzwa kuwa TLA+. Chukua akaunti yenye salio la 10 na michakato miwili, kila mmoja ukitaka kutoa 10. Kupima salio kupe lebo Angalia, kupunguza kupe lebo Toa. Katika faili la mipangilio, Salio.cfg, andika SPECIFICATION Spec, na chini yake INVARIANT pamoja na jina ulilolipa sharti lako la salio >= 0. Kisha:

java -jar tla2tools.jar -workers auto Salio.tla

TLC, mkaguzi aliyemo ndani ya faili hilo la jar, hupitia kila namna ambayo hatua zinaweza kupishana. Hapa kosa hutoka mara moja, katika hali tano: mwanzo, wa kwanza umeangalia, wa pili umeangalia, wa kwanza umetoa, wa pili umetoa. Salio: -10. Jaribio la kawaida laweza kurudiwa mara elfu bila kuukuta mpishano huo. Wahandisi wa Amazon walieleza mwaka 2015 kosa la hifadhidata yao ya DynamoDB lililohitaji hatua 35 kujitokeza. Nani angeliwaza hilo kichwani?

Mtego mkubwa ni lebo. Kilichomo chini ya lebo moja hutendeka kwa mkupuo mmoja. Weka Angalia na Toa pamoja, na TLC itakupitisha bila kosa, ingawa hifadhidata yako haifungi safu wakati wa kusoma. Pia, ukihariri PlusCal usisahau kuitafsiri upya, la sivyo unakagua toleo la jana.

Udhaifu wa TLC ni kufurika kwa hali, yaani hali za kukagua kuongezeka kupita kiasi. Anza na michakato 2 au 3 na thamani chache. Ukiongeza ovyo, folda ya states itakula diski. Ulinganifu (symmetry), yaani kuichukulia michakato inayofanana kuwa sawa, hupunguza mzigo, lakini usiutumie unapokagua kwamba jambo fulani hatimaye litatokea: majibu yaweza kuwa ya uongo.

Kwa fomu za kujaza na kuhifadhi, usijisumbue. Kwa foleni, kufuli, malipo yanayorudiwa na seva zinazonakiliana, inastahili wiki mbili tatu za kujifunza. Ila TLC haisomi msimbo wako wa Go wala Java; kila mpango ukibadilika, faili la .tla libadilishwe kwanza.