TAHADHARI: Muuza "mechi za uhakika" amepatia, lakini hajui

Wanaobeti na wanaopokea utabiri WhatsApp au Telegram, someni hii kabla ya kutuma hela. Kuna mchezo unaomnasa hata mtu makini, kwa sababu muuzaji haanzi kwa kuomba pesa. Anaanza kwa kupatia. Mechi ya kwanza anakupa bure, inatiki. Ya pili inatiki. Ya tatu na ya nne vilevile. Ya tano ndiyo anaiuza: Sh 50,000, "mechi imeshapangwa, matokeo yapo mezani".

Hesabu yake iko hivi. Anakusanya namba 8,100. Mechi ina majibu matatu: mwenyeji, sare, mgeni. Watu 2,700 anawaambia mwenyeji, 2,700 sare, 2,700 mgeni. Mpira ukiisha, kundi moja limeona amepatia. Yale mawili anayatelekeza. Wale 2,700 waliobaki anawagawa tena mafungu matatu, wanabaki 900. Kisha 300. Kisha 100. Baada ya mechi nne kuna watu 100 ambao simu zao zina jumbe nne sahihi, zote zimeingia kabla ya mechi kuanza, hakuna hata herufi iliyoguswa. Wote wakilipa, ni Sh 5,000,000. Mechi ya tano anawagawa tena. 33 hivi watashinda, na hao ndio atakaowauzia ya sita kwa 200,000. Mpira wenyewe si lazima aujue.

Mtazame mmoja wa wale 33. Aliamini timu fulani itashinda. Alikuwa na sababu ya maana: mara nne mfululizo jamaa hakukosea. Na timu ikashinda kweli. Imani ipo, sababu ipo, ukweli upo. Je, alijua? Mwaka 1963 mwanafalsafa wa Marekani, Edmund Gettier, alionyesha katika makala ya kurasa tatu tu kwamba vitu hivi vitatu vinaweza kukutana kwa bahati, na vikikutana hivyo huo si ujuzi. Jibu alilokuja kulitetea mwanafalsafa mwingine, Ernest Sosa, ni kwamba kupatia kwenyewe lazima kutokane na uwezo wa anayepatia. Mpiga mshale hodari anaweza kurusha vizuri, upepo ukautoa mshale njiani, upepo mwingine ukaurudisha ukagonga shabaha. Amegonga, na ni hodari, ila hakugonga kwa uhodari wake. Muuza mikeka (tiketi za kubeti) hata huo uhodari hana: amerusha pande zote tatu, akakuonyesha mshale uliogonga tu.

Kwa hiyo kuuliza "amepatia mara ngapi?" hakutoshi. Uliza hivi: matokeo yangekuwa mengine, ujumbe ulioingia kwenye simu yangu ungekuwa mwingine? Kama ulikuwa fungu la "mwenyeji", jibu ni hapana. Ungepata "mwenyeji" hata kama mgeni angeshinda tano bila.

Kinachofanya utapeli huu uwe mgumu kuugundua ni mashahidi. Wale wanaosema kwenye grupu "kaka huyu yuko vizuri, nimekula mara tano" mara nyingi hawajalipwa na hawadanganyi. Wanasema kweli tupu. Waliokosa wameshatolewa, hivyo hawana pa kusemea. Unapata watu waaminifu wanaopeana imani za kweli, na hakuna hata mmoja anayejua chochote. Mwanafalsafa Linda Zagzebski, anayehusisha ujuzi na fadhila za akili, angekuelekeza kwenye tabia ya msikilizaji mwenyewe: uangalifu, uvumilivu wa kumtafuta aliyeliwa, na ujasiri wa kuuliza swali litakaloharibu raha ya grupu. Akili nyingi bila tabia hizo hazimkingi mtu, na ndiyo maana wahasibu na walimu nao wanaliwa.

"Lipa ukishashinda" nayo isikulaze. Akiwa na mafungu matatu, moja lazima lishinde, na hilo litamlipa. Yeye hajaweka hata shilingi. Hata anayerudisha pesa mkeka ukichanika anabaki na theluthi ya makusanyo bila kujua lolote.

Kumpima, tumia laini mbili zisizofahamiana, ya pili iingie kupitia tangazo au grupu tofauti, kisha linganisha mechi ileile. Majibu yakipishana, umemaliza kazi. Yakifanana hujathibitisha kitu, huenda laini zote mbili ziliangukia fungu moja.

Kwenye chaneli ya wazi ya Telegram, kiungo cha kila posti huishia na namba. Ukiona 412, 413, halafu 431, kuna zilizofutwa katikati. Pengo la namba mbili tatu huweza kuwa picha zilizopandishwa pamoja. Pengo la kumi na saba baada ya wikiendi mbaya ni jambo lingine. Posti ya utabiri yenye alama ya kuhaririwa usiihesabu kabisa. Picha ya mkeka nayo si ushahidi, kwani maandishi ya ukurasa wowote uliofunguliwa kwenye kompyuta hubadilishwa kwa dakika moja kabla ya kupigwa picha.

Dai mechi zijazo, angalau 50, na uandike odi (namba inayozidishwa na dau lako ukishinda) kabla ya mpira kuanza. Bila odi, "saba kati ya kumi" haina maana. Mikeka kumi ya Sh 10,000 kwa odi ya 1.30, saba ikitiki, inarudisha 91,000. Umetoa 100,000. Jamaa anajisifu, na wewe umepoteza 9,000.

Mwisho, muulize mwezi uliopita alikosea mechi zipi na kwa nini. Anayejua kazi yake huwa na jibu refu. Huyu atakublock.

Kama umeshalipa: piga huduma kwa wateja wa mtandao wako mara moja uombe muamala uzuiwe, maana hela ikishatolewa kwa wakala hairudi kirahisi. Usifute mazungumzo. Kwa walioko Tanzania, ripoti namba ya tapeli kupitia 15040. Na akitokea "wakili" au "mtu wa benki" anayedai ada ili akurudishie pesa yako, usimtumie kitu. Mara nyingi ni tapeli yuleyule kwa laini nyingine.