Redio ya volti 12 kwenye Canter ya volti 24: uzoefu wangu

Redio yenyewe haina kosa, niseme hilo mapema nisije nikaionea. Ni hizi za kawaida zenye Bluetooth na sehemu ya flashi, nimeinunua elfu sabini na tano hapa Arusha. Usoni imeandikwa wati 50 mara nne, maandishi ya kufurahisha macho tu, maana fyuzi yake ya nyuma ni ampia 10, na volti 12 kwa ampia 10 hazizai wati 200 hata ukizibembeleza. Kilichonitoa jasho ni umeme wa kuilisha.

Gari ni Mitsubishi Canter, ilikuja kutoka Japani na redio yake. Wenye magari ya Kijapani mnajua: FM ya redio zile za zamani inaanzia 76 inaishia 90, na sisi huku stesheni zimejaa juu ya hapo mpaka 108. Miaka miwili nimebeba vitunguu kutoka Mang'ola kuja soko la Kilombero hapa Arusha nikisikiliza mluzi wa tandiboi wangu. Chalii anapiga mluzi wimbo mmoja tu. Nikaamua kununua redio.

Fundi wa kwanza sitamtaja, wala kijiwe chake. Alitazama betri akacheka. "Bosi, hii dakika ishirini. Una betri mbili, kila moja 12. Tunakula kwenye moja, kazi imeisha." Akasokota waya wa njano na mwekundu pamoja, akavuta waya mmoja mpaka pale betri mbili zinapoungana, mweusi akaufunga kwenye bodi. Elfu kumi. Redio ikaimba. Nikamwongezea ya soda.

Sasa sikiliza kilichokuwa kinaendelea huko chini. Betri zimeungwa mfululizo: nega (hasi) ya kwanza iko kwenye chesisi, posi (chanya) yake inaingia nega ya pili, posi ya pili ndiyo inakwenda stata. Redio inakula ile ya kwanza peke yake. Altaneta yenyewe haijui hilo, inazichaji zote mbili kama kitu kimoja. Ni kama punda wawili wa mkokoteni mmoja, mmoja unampanda pia mchana kutwa, halafu jioni unawawekea majani sawasawa. Aliyechoka hashibi, na mwenzake anashindiliwa mpaka anavimbiwa.

Mwezi wa pili nikaanza kuongeza maji betri moja kila wiki, ile nyingine wala haipungui. Nikadhani ni joto. Ile inayokunywa maji ikawa inanuka asidi, na unga mweupe ukaota kwenye terminali. Mwezi wa tatu, saa kumi na moja alfajiri pale Karatu, magunia yako juu, nawasha, stata inasema ka-ka-ka na kunyamaza. Nikaomba umeme kwa Canter ya jirani. Safari iliyofuata tena. Na kwa kuwa njano na nyekundu zilisokotwa pamoja, redio haikuwa inazimika na funguo. Chalii analala kwenye kichwa cha gari huku inaimba mpaka asubuhi, mimi namlaumu yeye.

Kilichonitisha hasa kilikuja Makuyuni. Niliinua kichwa cha gari nitazame mkanda wa injini. Ule waya wa redio ulikuwa umevutwa bila kuachiwa ulegevu kwenye bawaba, ukanyooka, ngozi ikachunika, shaba ikagusa chesisi. Cheche, kisha moshi, waya wote ukawa mwekundu kama wa pasi. Tuliung'oa kwa kitambaa. Redio nayo? Fyuzi yake ya nyuma ilikuwa nzima kabisa. Ile inalinda redio. Waya unaotoka betri hauna ulinzi wowote usipoweka fyuzi pale pale karibu na betri, na yule bwana hakuweka.

Wiki hiyo nilikuwa na mzigo wa Moshi, nikaelekezwa kwa mzee mmoja upande wa Majengo. Nikamwamkia, akaitikia bila kuinua kichwa, akachukua mita. Gari ikiwa inanguruma akapima betri moja moja, mimi nikaandika kwenye simu: ya chini, ile inayolisha redio, 12.9, ya juu 15.2. Ukijumlisha unapata 28.1, yaani ukipima zote mbili kwa pamoja, kama wengi wanavyofanya, utaambiwa chaji iko safi. Mzee akavua miwani. "Kijana wangu, hii ya chini umeiua kwa njaa. Hii ya juu umeiua kwa shibe." Betri mbili mpya zilinitoa zaidi ya laki nne, kwa sababu ya kukwepa konveta, kile kiboksi kinachoshusha 24 kuwa 12, cha elfu thelathini na tano.

Konveta niliwekewa mtumba wa Kijapani wa ampia 10, una mapezi ya alumini na uzito kama nusu tofali. Dukani nilikuwa nimeshika kipya kilichoandikwa ampia 30, chepesi kama kipande cha sabuni. Mzee alikipima kwa kiganja tu, akanirudishia, hakusema kitu.

Kazi ilichukua saa tatu hivi. Fyuzi ya ampia 10 kwenye posi ya 24, shibri moja kutoka betri. Inatosha, alisema, kwa sababu upande wa 24 waya unabeba karibu nusu ya ampia zinazotoka upande wa 12. Waya ukapitishwa ndani ya mpira, ukafungwa pamoja na nyaya za gari zinazopita kwenye bawaba, akainua na kushusha kichwa mara tatu huku anautazama. Konveta yenyewe inaamshwa na swichi ya funguo, ila ina waya mmoja usiolala, na huo ndio uliokwenda kwenye njano ya redio. Njano ni ya umeme wa kudumu, ndiyo inayotunza kumbukumbu. Ukiiweka kwenye funguo, kila ukizima gari redio inasahau saa na stesheni. Nyekundu ndiyo ya kuamsha. Bluu, ya antena, akaifunga tepu ikae peke yake, kwa sababu inatoa umeme na ikigusa bodi unaweza kuiunguza redio. Nyeusi hakuifunga kwenye skrubu ya dashibodi. Alikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, akafunga nati. Nyaya zote kachomea kwa risasi, hakusokota hata moja. Ufundi elfu thelathini.

Ningemwambia mtu yeyote aanze kwa kupima gari lake kwanza, maana si kila gari la mizigo ni 24. Hilux ya kaka yangu ni 12, pale konveta haina kazi.

Sasa ni mwezi wa saba tangu niwekewe konveta. Juzi nilipima tena: 14.0 na 14.1. Maji sijaongeza. Nikiweka mkono kwenye konveta baada ya kupanda Rhotia ni ya moto kiasi cha kikombe cha chai kilichokaa kidogo, si zaidi.

Lalamiko langu moja: kelele. Mwanzoni kulikuwa na mluzi kwenye spika unaopanda na mafuta, ukikanyaga unapanda, ukiachia unashuka. Kuhamisha nyeusi ya redio ikafungwe nati moja na nyeusi ya konveta kuliumaliza. Ila ule wa FM, mchakacho mdogo kwenye stesheni za mbali, haujaisha. Unatoka kwenye konveta, na nikipiga flashi haupo. Tumeisogeza chini ya kiti, mbali na waya wa antena, ukapungua. Ukishaiacha Karatu kuelekea Mang'ola, mchakacho unarudi, nazima redio, na chalii anaendelea na wimbo wake.