Gundi za kuzibia kingo za kioo cha dabo: silikoni ya siki iliniumbua

"Fundi, hiki kioo chako kina jasho, nimefuta mpaka mkono unaniuma." Ndivyo alivyonipigia mama mmoja wa Mbezi Beach, miezi mitano tu baada ya kumfungia dirisha la chumbani. Nilijua tatizo kabla sijafika. Jasho lisilofutika kwa ndani wala kwa nje liko katikati ya vioo viwili, na huko hakuna kitambaa kinachofika.

Nina karakana ndogo ya alumini hapa Dar es Salaam. Kazi za dabo hazinijii kila siku. Wanaoagiza ni wale wanaokaa kando ya barabara kubwa wamechoka na honi, au wanaowasha AC kutwa. Kwa asiyeijua, dabo ni vioo viwili vilivyotenganishwa na fremu nyembamba ya alumini, mimi natumia ya milimita 12, iliyojazwa punje za kunyonya unyevu. Gundi zake ni mbili. Ya kwanza ni butaili, kamba nyeusi inayokaa kati ya kioo na alumini. Inanata kama ulimbo na haikauki kabisa, na hiyo ndiyo inayozuia mvuke. Ya pili inajaza mfereji unaobaki pembeni na kushika vioo visiachane.

Kwa yule mama, butaili niliiruka. Mfereji nikaujaza silikoni ya kawaida, ile inayonuka siki, inayopatikana kila duka la vifaa vya ujenzi. Bafuni na kwenye sinki sina ugomvi nayo. Kwenye dabo ni hasara. Silikoni inazuia tone la maji, lakini mvuke unapita taratibu, na hiyo siki yenyewe ni asidi inayokula chuma. Nilipoichana ile kazi, alumini ilikuwa imeota unga mweupe kwenye pembe zote. Nikamtengenezea mama kioo kipya kwa hela yangu.

Sasa kwenye mfereji natumia polisalfaidi, gundi ya kuchanganya mwenyewe. Inakuja kwenye ndoo mbili, nyeupe kubwa na nyeusi ndogo, na unachanganya kumi kwa moja. Inanuka yai viza. Siku ya kwanza jirani yangu fundi cherehani alikuja kuuliza kama choo kimefurika. Bei yake inauma. Tena kwa joto la Dar inaanza kukaza ungali unahangaika na upande wa tatu, kwa hiyo changanya kidogo kidogo, na asubuhi. Lakini ikishakauka, kuitoa ni kazi ya kisu na matusi.

Kuchanganya ndiko kunakowaangusha wengi. Kwa macho utaona rangi imekuwa moja, kumbe bado. Chukua donge dogo, liweke kwenye karatasi nyeupe, kunja, bonyeza, fungua. Ukiona michirizi, rudi ukakoroge. Na soma tarehe kwenye ndoo kabla ya kulipa. Muuzaji mmoja aliniuzia seti iliyopitwa na wakati, lebo imebanduliwa nusu, na mpaka wiki ya pili ilikuwa bado inashika kidole. Nilipoirudisha akaniambia labda kioo changu ndicho kibovu.

Zile punje nazo zipimwe. Dar hewa imejaa maji. Kopo likilala wazi usiku kucha, punje zimeshashiba kabla hujazitumia. Mimi natia kiganja kimoja kwenye kikombe na maji kidogo. Kikombe kikipata moto wa kukufanya ubadilishe mkono, ziko hai. Kikibaki baridi, tupa.

Kasoro ya polisalfaidi ni jua. Mwanga ukiipiga moja kwa moja kwa muda mrefu inaachia kioo, kwa hiyo kingo zake lazima zifichwe ndani ya fremu ya dirisha. Kwa ukuta wa vioo usio na fremu kwa nje, chukua silikoni isiyo na siki iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na hapo butaili usiipake kwa ubahili, maana mvuke wote unaitegemea. Na toboa matundu ya kutolea maji upande wa chini wa fremu ya dirisha. Gundi inayoloweka kwenye maji kila mvua haidumu, iwe ya bei gani.

Kilichonishangaza zaidi ni Mbeya. Mwalimu mmoja kule, kwa ajili ya baridi ya Juni na Julai, aliagiza madirisha manne. Nikaziba Dar, nikapakia kwenye lori. Baada ya kufunga akanipigia: "Fundi, nikijitazama dirishani uso unapinda." Vioo vilikuwa vimetuna. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya kule inasukuma pungufu kwa karibu moja ya tano. Ile niliyoifungia Dar ilikuwa inataka kutoka. Nikamtengenezea vingine vyenye mrija mwembamba uliopenya ile fremu ya kati ya vioo, nikauacha wazi safarini. Vilipofika vikalala usiku mmoja, kisha nikaubana mrija kwa plaizi na kuufunika butaili. Vimetulia mpaka leo.

Vile vinne vya kwanza nilivirudisha Dar. Vitatu vilishuka vikiwa bapa kama vilivyoondoka. Cha nne kilifika kimebonyea ndani, maana yake kule juu kilikuwa kimeshapumua, kimevujisha hewa. Nikakichana. Kilikuwa cha ndoo niliyokoroga kabla sijajua habari ya karatasi, na kwenye pembe ya chini nikakuta mchirizi mweupe, urefu wa kidole, laini kama siku niliyoupaka.